Serikali na ada ya chuo kikuu binafsi: njia tano zikiwekwa sambamba

Katika nchi nyingi zinazoendelea, mjadala wa kama serikali ifadhili vyuo vikuu binafsi huanza vibaya. Upande mmoja husema kodi ya wananchi isiingie mfukoni mwa mwenye chuo binafsi. Upande wa pili hujibu kwamba mtoto wa maskini aliyekosa nafasi chuo cha umma naye ni mtoto wa mlipakodi. Wote wana hoja, ndiyo maana hauishi. Kinachosahaulika ni kwamba "kufadhili vyuo binafsi" ni jina moja la mambo yasiyofanana. Kukipa chuo fedha za mishahara ni jambo moja, kumkopesha mwanafunzi ni jingine, na kumsamehe mwenye chuo kodi ni la tatu. Swali la maana ni fedha zinapita mkono wa nani, na nani hubaki na hasara mambo yakienda mrama.

Makala haya ni ya wanaolazimika kuchagua: mtunga sera, mjumbe wa bodi ya chuo binafsi anayefikiria kupokea wanafunzi wa serikali, kiongozi wa wanafunzi, na hata familia inayopima nafasi iliyopata.

Vipimo vitano

Kila njia hapa chini inapimwa kwa maswali yale yale. *Anayefikiwa*: je, fedha zinamfikia ambaye asingesoma bila hizo, au zinampunguzia gharama ambaye angesoma hata hivyo? *Mzigo wa hazina*: ni mkubwa kiasi gani, na unakuja lini? *Ada na ubora*: fedha za umma zikianza kuingia, chuo kinapandisha ada? Kina sababu ya kufundisha vizuri zaidi? *Fedha zikikwama*: nani anaumia kwanza? *Inapofaa*: mazingira gani yanaibeba?

Kipimo cha nne hakionekani sana kwenye nyaraka za sera. Mimi nakipa uzito kuliko vyote. Nchi zenye bajeti nyembamba huchelewesha malipo mara kwa mara, na njia inayopendeza kwenye karatasi inaweza kuvunjika kwa kuchelewa kwa mihula miwili tu.

Njia ya kwanza: ruzuku kwa chuo chenyewe

Serikali hulipa sehemu ya uendeshaji, mara nyingi mishahara ya walimu, na chuo kinabaki mikononi mwa mwenyewe. India ina uzoefu mrefu wa njia hii. Ina maelfu ya koleji binafsi za ruzuku, ambako mwenye koleji hutoa majengo na usimamizi, na serikali ya jimbo hubeba mishahara. Jimbo la Kerala lilikwenda mbali zaidi mwaka 1972: likaanza kuwalipa walimu hao moja kwa moja, fedha zisipite kwa menejimenti.

*Anayefikiwa* ni kila aliyedahiliwa, mwenye nacho na asiye nacho kwa kiwango kimoja, kwa sababu ada inashuka kwa wote.

*Mzigo wa hazina* ni wa kudumu. Mwalimu akishaingia kwenye orodha ya mishahara, bajeti ikibana hutamwondoa. Ndiyo sababu majimbo mengi ya India yaliacha kuongeza nafasi za ruzuku, na koleji zikafungua mikondo ya kujitegemea ndani ya majengo yale yale. Matokeo yake, koleji moja ina mkondo wa ada ndogo na mwingine wa ada kubwa.

*Ada na ubora*: serikali ina sauti, maana ndiyo inayolipa. Inaweza kupanga ada na sifa za walimu. Udhaifu ni kwamba ruzuku haipungui darasa likifundishwa hovyo.

*Fedha zikikwama*, anayeumia kwanza ni mwalimu. Mwanafunzi huhisi baadaye, walimu wakianza kutafuta vibarua pengine.

*Inapofaa*: pale chuo binafsi kinapofanya kazi ambayo hakuna chuo cha umma kinachoifanya, tuseme koleji ya uuguzi katika eneo la pembezoni, na mkaguzi wa hesabu za serikali ana ruhusa ya kufungua vitabu vyake.

Njia ya pili: serikali inamlipia mwanafunzi nafasi

Hapa chuo hakipewi ruzuku. Serikali humpangia mwanafunzi chuo binafsi, au humwacha achague, kisha hulipa ada yake kama ambavyo ingelipa chuo cha umma. Ndiyo njia inayovutia zaidi kwa mtazamo wa kwanza: vyuo vya umma vimejaa, vya binafsi vina madarasa matupu, basi jaza madarasa hayo.

*Anayefikiwa*: inategemea chujio. Ukichuja kwa alama za mtihani peke yake, utawapata zaidi waliosoma sekondari nzuri. Chile, ilipoanza elimu ya bure mwaka 2016 baada ya maandamano makubwa ya wanafunzi ya 2011, ilichuja kwa kipato: sasa wananufaika wanaotoka katika asilimia 60 ya kaya zenye kipato cha chini, wawe chuo cha umma au binafsi kilichojiunga na mpango. Kolombia ilichuja kwa vyote viwili. Mpango wake wa Ser Pilo Paga, ulioanza mwaka 2014, ulichukua wanafunzi wapatao 40,000 kwa awamu nne, wenye alama za juu na kutoka kaya maskini, na wengi wao wakaenda vyuo binafsi vya hadhi. Uliwabadilishia maisha waliochaguliwa. Lakini malalamiko yakawa kwamba fedha nyingi zinaenda kwa wachache na kwa vyuo vya ghali huku vyuo vya umma vikibana matumizi, na mwaka 2018 ukafungwa kwa waombaji wapya.

*Mzigo wa hazina* unakuja kila muhula na unakua kwa kila kundi jipya. Chile ilijiwekea breki: sheria ya 2018 inafungamanisha upanuzi wa mpango na mapato ya serikali, kwa hiyo mwanasiasa hawezi kuahidi makundi mapya bila fedha kuonekana.

*Ada na ubora*: hapa njia hii ina nguvu kuliko zote, kama serikali inajua kujadiliana. Chile hulipa ada iliyopangwa na serikali, na chuo kikijiunga hakiruhusiwi kumdai ziada mwanafunzi husika katika muda rasmi wa kozi. Chuo lazima kiwe hakigawi faida na kiwe na ithibati, yaani uthibitisho rasmi wa ubora, ya angalau miaka 4. Baadhi ya vyuo vimelalamika kwamba ada hiyo haifikii gharama halisi. Hilo ndilo suala gumu: ukipanga ada chini sana unakula mtaji wa chuo, ukiipanga juu sana unafadhili majengo ya kifahari.

*Fedha zikikwama*, njia hii huonyesha meno yake. Kenya ilianza mwaka 2016 kuwapeleka wanafunzi wa serikali vyuo binafsi kupitia KUCCPS, chombo cha kupanga wanafunzi. Mwaka huo huo matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, yalianguka: waliopata C+ kwenda juu, alama ya kuingia chuo kikuu, wakawa takribani 89,000 tu. Vyuo vya umma sasa viliweza kuwapokea wote, soko la wanaojilipia likakauka, na vyuo binafsi vikazidi kumwegemea mwanafunzi wa serikali. Kisha malipo yakaanza kuchelewa, madeni yakafika mabilioni ya shilingi, na vyuo vingine vikawa na wanafunzi wengi kuliko miaka yote huku vikishindwa kulipa mishahara. Mfumo mpya wa mwaka 2023 ulikata mrija: anayechagua chuo binafsi anaweza kuomba mkopo, lakini si ufadhili wa serikali. Senegal nayo ilipita huko. Ilipeleka wahitimu wa sekondari vyuo binafsi, deni likarundikana, na mwaka 2018 vyuo kadhaa vikawafungia milango wanafunzi ambao hawakuwa na kosa lolote. Chuo kinaidai serikali, serikali haipo darasani, mwanafunzi ndiye aliye karibu.

*Inapofaa*: nchi yenye hazina inayolipa kwa tarehe, yenye idadi ya wanafunzi iliyowekewa kikomo, na mkataba unaokataza chuo kumzuia mwanafunzi kufanya mtihani kwa deni la serikali.

Njia ya tatu: mkopo kwa mwanafunzi

Mkopo humfuata mwanafunzi popote alipodahiliwa, mradi chuo kina ithibati. Tanzania ilianzisha Bodi ya Mikopo (HESLB) kwa sheria ya 2004, na tangu ilipoanza kazi mwaka 2005 imekopesha wanafunzi wa vyuo vya umma na vya binafsi. Uganda nayo, kwa sheria ya 2014, inakopesha pande zote mbili.

*Anayefikiwa*: maskini anaweza kufikiwa vizuri, kwa sharti moja ambalo wengi hulipuuza. Mkopo wa ada peke yake haumtoshi. Anayetoka mbali anahitaji kula na kulala. Tanzania hukopesha pia chakula na malazi, fedha ambazo wanafunzi wanaziita bumu, na yeyote aliyewahi kuisubiri anajua kwamba bila hiyo udahili ni barua tu. Tatizo la upande mwingine ni woga: familia isiyowahi kuwa na deni la benki hukwepa mkopo hata kama masharti ni mepesi.

*Mzigo wa hazina* unajificha. Mwaka wa kwanza mkopo unaonekana kama uwekezaji, lakini miaka kumi baadaye ndipo unajua kiasi gani kilikuwa zawadi. Tanzania hukata asilimia 15 ya mshahara wa mnufaika aliyeajiriwa, kiwango kilichopandishwa mwaka 2016 kutoka asilimia 8, na mwaka 2021 ikafuta tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani iliyokuwa ikivimbisha madeni. Makato ya mshahara yanafanya kazi kwa aliye kwenye ajira rasmi. Mhitimu mwenye duka, bodaboda au kazi za mkataba wa mdomo ni mgumu kumpata, na katika nchi nyingi zinazoendelea hao ndio wengi.

*Ada na ubora*: mkopo rahisi kupita kiasi hulewesha vyuo. Brazili iliulegeza mpango wake wa FIES mwaka 2010 kwa riba ya asilimia 3.4, chini ya mfumuko wa bei. Kufikia 2014 mikataba mipya ilizidi 700,000 kwa mwaka, na vyuo vikawahimiza hata waliokuwa wakijilipia wahamie kwenye mkopo, maana serikali ndiyo iliyobeba hasara. Mwaka 2015 masharti yakakazwa ghafla, riba ikapanda hadi asilimia 6.5. Chile ilikuwa na wazo bora kidogo katika mkopo wake wa CAE wa 2005: mwanafunzi akiacha masomo, chuo hubeba dhamana ya deni lake, asilimia 90 akiacha mwaka wa kwanza, 70 wa pili, 60 kuanzia wa tatu. Kwa hiyo chuo kina sababu ya kutomdahili asiyeweza kumaliza na ya kumshika mkono anayeyumba. Kilichoiangusha CAE kwa wananchi ni riba ya takribani asilimia 6 kwa mikopo iliyotolewa na benki. Ilishushwa hadi asilimia 2 mwaka 2012, hasira ikiwa imeshawaka.

*Fedha zikikwama*: chuo hukosa ada na mwanafunzi hukosa chakula, kwa pamoja. Tofauti na njia ya pili ni kwamba bodi yenye marejesho yanayoingia kila mwezi ina chanzo chake, haisubiri hazina kwa kila senti.

*Inapofaa*: ajira rasmi ni pana, au mamlaka ya mapato inaweza kumfuata mlipaji kwa kipato chake badala ya mwajiri wake.

Njia ya nne: msamaha wa kodi kwa kubadilishana na nafasi

Hii ni ya Brazili, na ni ya kijanja. Kwa sheria ya Januari 2005, mpango wa ProUni unakisamehe chuo binafsi kodi kadhaa za serikali kuu, nacho hutoa nafasi za bure au za nusu ada kwa wanafunzi wa kipato cha chini. Hakuna hundi inayoandikwa.

*Anayefikiwa*: vigezo ni wazi. Nafasi ya bure kabisa ni kwa familia ambayo kipato chake kwa kila mtu hakizidi kima cha chini cha mshahara mara moja na nusu. Mwombaji lazima afikishe alama 450 katika mtihani wa taifa wa ENEM, na akishaingia afaulu angalau asilimia 75 ya masomo yake. Nusu ada, kwa upande wake, bado ni ghali kwa maskini.

*Mzigo wa hazina* upo, ingawa haupiti bungeni kila mwaka kama matumizi. Hilo ni faida na ni hatari: kodi isiyokusanywa haihojiwi kama fedha inayotolewa.

*Ada na ubora*: chuo kinaelekea kutoa nafasi katika kozi za bei rahisi kuendesha, isipokuwa sheria ikilazimisha mgawo kwa kila kozi, udaktari ukiwemo.

*Fedha zikikwama*: hazikwami, kwa sababu hazisafiri. Kwa kipimo hiki peke yake, njia ya nne inazishinda nyingine zote. Fedha za kujikimu ndizo zinabaki swali.

*Inapofaa*: pale tu vyuo binafsi vinapolipa kodi yenye uzito. Katika nchi nyingi za Afrika vyuo vingi binafsi ni vya makanisa na taasisi za dini ambazo tayari zina misamaha. Huna cha kubadilishana nao.

Njia ya tano: fedha zote zibaki kwenye vyuo vya umma

Afrika Kusini inaruhusu kikatiba taasisi binafsi kwa gharama zake zenyewe. Katiba hiyo haikatazi ruzuku, lakini NSFAS, mfuko wa kuwasaidia wanafunzi, unafadhili vyuo vya umma tu. Nigeria inafanya hivyo kwa TETFund, mfuko wa vyuo vya umma unaoendeshwa na tozo kwenye faida za kampuni, na kwa mfuko wa mikopo wa 2024.

*Anayefikiwa*: anayepata nafasi ya umma hufikiwa kwa undani. Afrika Kusini ilitangaza Desemba 2017 kwamba familia zenye kipato cha hadi randi 350,000 kwa mwaka zitalipiwa kikamilifu. Anayekosa nafasi hapati kitu, na mara nyingi anayekosa ni yule aliyesoma shule dhaifu. Brazili iliishi na hali hiyo kwa miaka mingi, matajiri wakisoma bure vyuo vya serikali na maskini wakilipa vya binafsi, hadi sheria ya 2012 ilipotenga nusu ya nafasi za vyuo vya serikali kuu kwa waliosoma sekondari za umma.

*Mzigo wa hazina* ni rahisi kuusoma, ila kujenga chuo kipya huchukua miaka, na vijana hawasubiri.

*Ada na ubora*: fedha hazitawanyiki na maabara inaweza kukamilika. Vyuo binafsi hubaki kwa wenye nacho na ada yao haina mdhibiti.

*Fedha zikikwama*, kila kitu husimama kwa pamoja. Mgomo wa wahadhiri wa vyuo vya umma Nigeria mwaka 2022 ulidumu miezi minane, wanafunzi wa vyuo binafsi wakiendelea na masomo.

*Inapofaa*: nchi ambayo ithibati yake bado ni dhaifu. Kama msimamizi wa vyuo hawezi kufunga kozi mbovu, kuzipa kozi hizo fedha za umma ni kuongeza idadi ya walioumia.

Kwa hali yako

Hazina yako huchelewesha malipo? Achana na njia ya pili hadi kuwe na mfuko uliotengwa kisheria kwa malipo hayo tu. Kama vyuo binafsi vinalipa kodi, fikiria ya nne. Kama havilipi, mkopo wenye mfuko unaojizungusha, marejesho yakikopeshwa tena, ni salama kuliko ahadi ya kila muhula.

Vyuo vya umma vimefurika, vya binafsi vizuri vina nafasi, na hazina ni ya kutegemewa? Njia ya pili inakufaa, ikiwa na ada iliyokubaliwa mapema, idadi yenye kikomo na kipimo cha kipato. Ukiwa na shaka juu ya ubora, anza na fani chache ambazo taifa linakosa watu wake, walimu wa sayansi na wauguzi kwa mfano.

Ajira rasmi ni finyu? Usitegemee mkopo urudi kama ulivyotoka. Unaweza kuutoa bado, lakini kadiria kwenye bajeti sehemu itakayobaki kuwa zawadi, na dai chuo kibebe kipande cha hasara ya wanaoacha masomo.

Upo kwenye bodi ya chuo binafsi na serikali inabisha hodi? Hesabu miezi mingapi chuo kinaweza kuendesha mihula bila malipo hayo, kisha weka ukomo wa wanafunzi wa serikali usiozidi uwezo huo. Kiti kilichokuwa kitupu hakigharimu sana kukijaza. Ukianza kujenga bweni na kuajiri kwa ajili yao, hesabu imebadilika.

Kiongozi wa wanafunzi anayepigania nafuu asiishie kwenye ada. Adai fedha za kujikimu, na adai kifungu kinachomlinda mwanafunzi pale serikali inapochelewa kulipa.

Na familia yenye barua mbili mkononi, ya chuo binafsi kwa ufadhili au mkopo na ya chuo cha umma kwenye kozi ya pili kwa chaguo, iulize chuo binafsi mambo matatu kwa maandishi: ithibati ya kozi hiyo inaisha lini, ada inaweza kupanda mara ngapi kabla ya kuhitimu, na fedha za serikali zisipofika kwa wakati, mwanafunzi ataingia kwenye chumba cha mtihani au hataingia. Chuo kikikataa kuandika jibu la swali la tatu, chukua cha umma, isipokuwa familia ina uwezo wa kuziba pengo la muhula mmoja yenyewe.